Sarafu ya dhahabu ikigombaniwa: kikao cha familia, LC, mpatanishi au mahakama?

Bibi yetu alipofariki Bombo, kitambaa alichofungia pauni zake za dhahabu kilikutwa sandukuni kikiwa na alama za mafundo manane, na ndani yake pauni tano tu. Siku ya mazishi hakuna aliyesema neno. Ilipopita arobaini, shangazi akatamka kwamba tatu alipewa mkononi na marehemu mwenyewe, tena mbele ya shahidi. Baba mdogo akajibu kwamba shahidi huyo naye ni marehemu. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Daftari lile ninalo hadi leo, na kutokana nalo nimejua kwamba mwenye haki anaweza kuipoteza haki yake kwa kubisha mlango usio wake.

Hapa Uganda milango ni minne: kikao cha familia au ukoo, mahakama ya LC (baraza la serikali ya mtaa) ya kijiji, mpatanishi, na mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu. Kila mmoja una watu unaowafaa, na nimejaribu kuupima kila mmoja kwa mizani ileile. Kabla ya kupima, jiulize ugomvi wako ni wa namna gani.

Aina tatu za ugomvi

Wa kwanza ni wa mirathi, kama wetu. Pauni ya Kiingereza, gramu 7.98 za dhahabu ya karati 22, mama zetu waliilehemu kitanzi wakaivaa shingoni. Haina hati kama kiwanja, haina kadi kama gari. Aliyenayo mkononi husema ni yake. Ziko pia sarafu zetu wenyewe: Papa Paulo VI alipozuru Uganda mwaka 1969, zilitolewa sarafu za ukumbusho za dhahabu za shilingi 50, 100, 500 na 1,000. Ile ya 1,000 ina gramu 138.24, na dhahabu yake safi ni kama gramu 124. Familia iliyo nayo ina kitu cha kugombaniwa kweli.

Wa pili ni wa kuokota. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na nyumba zao Jinja, Mbale na Kampala zikapita mikononi mwa watu wengi. Fikiria fundi anavunja sakafu ya nyumba kama hiyo, sururu inagonga kopo, na ndani ya kopo mna pauni. Fundi, mwenye nyumba wa leo na familia iliyofukuzwa, wote watatu wana la kusema. Mahakama zetu hufuata pia sheria ya mapokeo ya Kiingereza, na wakili yeyote atakutajia kesi mbili. Ya mwaka 1896 ilihusu pete mbili za dhahabu zilizokutwa kwenye matope ya bwawa. Alipewa mwenye bwawa. Ya mwaka 1982 ilihusu bangili ya dhahabu iliyookotwa sakafuni kwenye ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege wa Heathrow, alipewa aliyeiokota. Kilichofukiwa ardhini humwelekea mwenye mahali. Kilichodondoka peupe, mahali pa kupita watu, humwelekea mwokotaji. Lakini wote wawili husimama nyuma ya mwenye mali wa kweli akijitokeza na ushahidi.

Wa tatu ni wa kununua. Umeuziwa sarafu kwa bei nzuri, kumbe muuzaji hakuwa na haki nayo. Kanuni ni ngumu: asiye na mali hawezi kukupa mali. Pesa yako utamdai aliyekuuzia, na sarafu inaweza kurudi ilikotoka.

Mizani ya kupimia

Nguvu ya uamuzi ndiyo ya kwanza: je, aliyeshindwa akikataa, kuna wa kumlazimisha?

Ya pili ni usalama wa sarafu wakati mnagombana. Dhahabu huyeyuka. Sonara mwenye jiko dogo la gesi huifanya pauni ya mwaka 1918 kuwa hereni kwa muda mfupi, na hereni haina mwaka wala uso wa mfalme wa kutambuliwa.

Ya tatu ni ushahidi, na hapa naomba tukae kidogo. Pauni hufanana kama punje za mchele. Kusema "zile za bibi" hakutoshi. Kwenye pauni za Mfalme George V, tazama ile ardhi iliyo chini ya kwato za farasi, juu ya mwaka. Herufi I maana yake ilipigwa Bombay, na Bombay ilipiga pauni mwaka 1918 peke yake. SA ni Pretoria, M ni Melbourne, S ni Sydney, P ni Perth. Andika mwaka, herufi, uzito hadi sehemu mia ya gramu, tundu lilipo, mkwaruzo ulipo. Piga picha pande zote mbili ikiwa juu ya mizani. Sisi tuliokolewa na picha ya arusi ya zamani: kidani cha bibi kilionekana wazi, na zikahesabika pauni nane. Picha ile haikusema nani alipewa, lakini ilimaliza ubishi wa kama zilikuwapo.

Ya nne ni muda na gharama. Ya tano ni siri na undugu: nani atajua kwamba nyumbani kwenu mna dhahabu, na je, mtaendelea kusaliana jeneza?

Sarafu ya aina moja, njia mbili

Mfano wa kuonyesha uzito wa kuchagua mlango uko mbali, Marekani, lakini sijaona ulio bora zaidi. Mwaka 1933 zilipigwa sarafu 445,500 za dola 20 zenye picha ya tai. Hazikutolewa kwa umma, kwa sababu Rais Roosevelt aliamuru watu warudishe dhahabu serikalini. Mbili zilihifadhiwa kwa ajili ya makumbusho, nyingine zikayeyushwa mwaka 1937. Ila chache zilitoka kwa mlango wa nyuma, na nyingi ya hizo zilifuatiliwa hadi kwa sonara wa Philadelphia aitwaye Israel Switt.

Moja inaaminika ilikuwa ya Mfalme Farouk wa Misri, ambaye mwaka 1944 alipewa na serikali ya Marekani kibali cha kuitoa nchini. Mwaka 1996 mfanyabiashara wa sarafu kutoka Uingereza alikamatwa nayo New York. Kesi ilikwenda, kisha pande mbili zikakubaliana mwaka 2001: iuzwe, wagawane nusu kwa nusu. Mwaka 2002 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na mnunuzi akaongeza dola 20 ili serikali iitambue kuwa fedha halali. Mwaka 2021 ikauzwa tena kwa karibu dola milioni 18.9.

Warithi wa sonara Switt nao walisema wamekuta kumi ndani ya sanduku la benki. Mwaka 2004 wakazikabidhi serikalini zithibitishwe. Serikali ikathibitisha kwamba ni halisi, ikakataa kuzirudisha. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama likawapa serikali ushindi, mwaka 2015 majaji wa rufaa wakawapa warithi, mwaka 2016 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likaugeuza uamuzi huo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza. Miaka kumi na mitatu, sarafu kumi, mkono mtupu.

Mwingereza alikuwa na karatasi yenye nguvu, kile kibali cha Farouk, na akakubali nusu. Warithi hawakuwa na karatasi ya namna hiyo na wakadai zote. Siwalaumu. Kipimo ninachokitoa hapa ni karatasi: kadiri historia ya sarafu yako ilivyo na mapengo, ndivyo mapatano yanavyokuwa na thamani zaidi kwako.

Kikao cha familia au ukoo, pamoja na shehe au mkuu wa ukoo

Uamuzi wake una nguvu ya aibu na heshima. Katiba yetu katika ibara ya 129 inataja mahakama za kadhi, lakini Bunge halijazitungia sheria ya kuzisimamisha, hivyo shehe au kadhi wa wilaya akigawa mirathi anapatanisha. Hana askari wa kutekeleza. Mkuu wa ukoo ni vivyo hivyo. Mkikubaliana, andikeni, wote mtie saini, na mashahidi wasiokuwa warithi watie zao. Karatasi hiyo ndiyo itakayosimama siku ya kuvunjika kwa ahadi.

Usalama wa sarafu ndiyo shimo lake. Katika kikao chetu tuliamua pauni zikae kwa mtu "asiye na upande", na kila aliyependekezwa alikuwa na upande. Mwishowe zilifungwa kwenye bahasha yenye saini za watu wanne juu ya gundi, na ufunguo wa sanduku ukakaa nyumba nyingine. Hilo lilifanya kazi.

Kwa ushahidi, kikao kina utajiri ambao mahakama haiwezi kuupata. Wazee hukumbuka pauni ipi ilitoka kwa nani, ipi ilikuwa mahari. Swali la shangazi yangu, kwamba alipewa, linategemea jambo moja katika sheria ya Kiislamu na ya kiserikali pia: zawadi hukamilika ikikabidhiwa. Ahadi ya kupewa si zawadi. Wazee walilielewa hilo upesi kuliko nilivyotarajia.

Muda ni mfupi na gharama ni chai na nauli. Siri hubaki ndani, undugu una nafasi ya kupona. Kinawafaa ndugu ambao bado wanasalimiana, sarafu zikiwa zinaonekana na hakuna aliyekwisha kuuza. Mdogo au mjane anayenyamazishwa kikaoni asikae hapo akingoja. Sheria ya Mirathi ilivyorekebishwa mwaka 2022, kwa aliyekufa bila wosia, humpa mjane au mgane asilimia 20, watoto asilimia 75, ndugu wategemezi 4 na mrithi wa kimila, yule anayetambuliwa kwa mila kushika nafasi ya marehemu, 1. Kikao kinachotaka kumpa mrithi wa kimila kidani chote kinakwenda mbali na hapo.

Mahakama ya LC

Watu wengi hukimbilia hapa kwanza kwa kuwa mwenyekiti anafahamika na lugha ni ya mtaani. Kwa deni la mbuzi au ugomvi wa mpaka wa migomba, inafaa sana. Kwa dhahabu kuna kizuizi cha hesabu. Sheria ya Mahakama za Serikali za Mitaa ya mwaka 2006 inaiwekea kesi za madai ya kawaida kikomo cha vipimo vya fedha 100, na kila kipimo ni shilingi 20,000, yaani milioni mbili. Pauni moja ina zaidi ya gramu saba za dhahabu safi. Kwa bei ya dhahabu ya miaka hii, hiyo moja tu hupita milioni mbili. Uamuzi mtakaoupata juu ya pauni tano utapinduliwa na wakili wa kwanza atakayeusoma.

Ina kazi moja ambayo kikomo hicho hakiigusi: kuamua nani ni mrithi wa kimila. Na ina manufaa ya ushahidi, maana LC ndiyo inayoandika barua ya kutambulisha ukoo na wakazi, barua ambayo ofisi nyingine zitaiomba. Usalama wa sarafu hapa ni mdogo. Sikushauri uache dhahabu mezani kwa mwenyekiti, hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu nyumba yake haina kasha. Siri ndiyo hakuna kabisa. Kesi husikilizwa chini ya mwembe, na ikifika jioni kijiji kizima kimehesabu pauni zenu. Gharama ni ndogo. Inamfaa mwenye ubishi wa urithi wa kimila, na anayehitaji kuandikisha mapema kwamba kuna mgogoro.

Mpatanishi

Huyu ni mtu wa tatu aliyefunzwa, mara nyingi wakili au jaji mstaafu, anayelipwa na pande zote mbili. Kampala kuna kituo cha kimataifa cha usuluhishi na upatanishi, ICAMEK, na wapo wapatanishi binafsi. Hata ukifungua kesi ya madai, kanuni za upatanishi za mwaka 2013 zitakupeleka kwanza kwa mpatanishi wa mahakama, na muda uliowekwa ni siku 60. Kwa hiyo mlango huu wengi wataupita wapende wasipende. Afadhali kuupita kwa kujipanga.

Makubaliano yakisajiliwa mahakamani huwa hukumu, na hukumu hutekelezwa. Hilo ndilo linaloutenga na kikao cha nyumbani. Yanayosemwa ndani hayatumiki dhidi yako baadaye, hivyo mtu anaweza kukiri "niliuza moja" bila kujichongea. Kwa usalama, mnaweza kukubaliana kwa maandishi sarafu ziwekwe sanduku la benki hadi mwisho. Ile ya Farouk ilihifadhiwa New York kwenye majengo ya World Trade Center wakati wa kesi, ikahamishwa Julai 2001, kama miezi miwili kabla majengo hayo hayajaanguka. Mahali pa kuhifadhi pajadiliwe kwa uzito uleule wa mgao.

Udhaifu wake ni kwamba, kesi ikiwa haijafunguliwa, hauwezi kumleta asiyetaka kuja. Gharama ni ya kati, na huumiza kama sarafu ni moja. Unawafaa wenye mapengo katika ushahidi pande zote mbili: fundi na mwenye nyumba, mnunuzi na familia iliyoibiwa, watoto wa mama tofauti wanaoogopana.

Mahakama ya Hakimu Mkuu na Mahakama Kuu

Hapa ndipo penye meno. Hakimu Mkuu husikiliza madai hadi shilingi milioni 50, lakini kwa dai la mtu kujitwalia mali ya mwenzake hana kikomo. Ikiwa shangazi au sonara ameng'ang'ania pauni zako, mueleze wakili wako hivyo hasa, kwa sababu inaweza kukuepusha safari ya Mahakama Kuu, ambayo yenyewe haina kikomo cha thamani.

Kwa usalama wa sarafu hakuna mlango unaoufikia huu: zuio la mahakama humkataza mtu kuuza, kuyeyusha au kutoa nchini. Kwa mirathi, kwa kawaida utapita ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi upate cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha uombe barua za usimamizi, yaani ruhusa ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Anayeanza kugawa au kuuza mali ya marehemu kabla ya hapo anatenda kosa, hata kama ni mtoto wa kwanza. Ila mrithi anaruhusiwa kwenda mahakamani kuilinda mali isipotee wakati barua bado hazijatoka.

Ushahidi wa wazee hupungua nguvu hapa, karatasi na picha zikapanda. Saa pia inahesabu: dai la mtu kujitwalia mali ya mwenzake lina miaka sita. Gharama ya wakili ni kubwa, rufaa ni ndefu, na jalada lako linasomeka na wengine. Undugu mara nyingi hauvuki salama.

Wengine wamepata hapa kile ambacho kikao kisingewapa. Meli ya Kihispania Mercedes ilizama mwaka 1804. Kampuni ya Marekani ikaopoa karibu sarafu 600,000, nyingi za fedha na kiasi za dhahabu, ikazitangaza mwaka 2007. Hispania ikazidai mahakamani, na mwaka 2012 sarafu hizo zikarudishwa kwake. Lakini ushindi dhidi ya watu wa nje haumalizi ugomvi wa ndani. Dhahabu ya meli Central America, iliyozama mwaka 1857, iliopolewa na kundi la Tommy Thompson. Mahakama ikawapa sehemu kubwa dhidi ya kampuni za bima. Baadaye wawekezaji wake mwenyewe wakamshtaki, na kuanzia mwaka 2015 akawekwa jela kwa kutosema ziko wapi sarafu 500 za dhahabu.

Mlango huu unamfaa mwenye karatasi nzito, mwenye sarafu za thamani inayobeba gharama, na yeyote ambaye dhahabu yake iko hatarini kesho.

Wengine huniuliza kuhusu polisi. Kama kuna wizi, nenda. Sarafu itakuwa kielelezo, kwa hiyo dai orodha yenye mwaka, herufi na uzito wa kila moja, isainiwe nawe ukiwapo. Mtu kufungwa kwa wizi, hata hivyo, hakuamui daima kati ya wadai wawili nani ni mwenye mali.

Kwa hali yako

Kama ni ndugu wa tumbo moja na sarafu zote zinaonekana, anzeni na kikao, pauni zikiwa ndani ya bahasha ya saini, na andikeni kila kitu. Kikao kikishindwa mara mbili, msikifanye cha tatu. Nendeni kwa mpatanishi.

Kama umeokota ndani ya nyumba au shamba la mtu, usiuze. Piga picha zilivyo kwenye kopo, pamoja na kopo na shimo lenyewe, mjulishe mwenye mahali mbele ya shahidi, kisha upatanishi. Chombo chake, gazeti zilimofungwa na kina cha shimo vinaweza kumtambulisha mwenyewe wa mwaka 1972.

Kama umenunua na mtu amejitokeza kudai, tafuta kwanza risiti na muuzaji wako. Ukiwa navyo, upatanishi wa watu watatu huokoa sehemu ya pesa yako. Ukiwa huna hata kimoja, jiandae kuirudisha sarafu.

Kama unataka kujua tu ina thamani gani, usiiache kwa yeyote ikalale. Kaa hapo ipimwe mbele yako, urudi nayo. Warithi wa Philadelphia walizitoa kumi zithibitishwe tu.

Na kama umesikia kwamba iko tayari kwa sonara, au mtu amekata tiketi nayo, acha kikao, acha LC. Alfajiri uwe mlangoni kwa wakili na picha zako, uombe zuio siku hiyohiyo, na nakala yake imfikie sonara kabla hajawasha jiko.